Kumwokoa Aliyeanguka Baharini

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitiisha bahari vyombo vikapita juu yake kwa amri yake, na wanaadamu wakapata humo riziki na njia. Tunashuhudia ya kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu peke yake, asiye na mshirika. Na tunashuhudia ya kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na katika dhahiri, katika nchi kavu na katika bahari.

Ndugu Waislamu mlioko hapa msikitini, na nyinyi ndugu wasikilizaji mlioko majumbani na maskulini: hotuba yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo kila mkazi wa pwani analijua, lakini ni wachache wanaolifikiria kabla halijatokea. Mtu anapoanguka baharini kutoka katika chombo kilicho safarini, yapasa afanyiwe nini? Na wajibu wa kumwokoa ni wa nani?

Huenda mtu akauliza: Je, mimbari ya Ijumaa ni mahali pa kuzungumzia matanga na kamba? Jawabu letu ni kwamba mimbari ni mahali pa kuzungumzia roho za watu. Katika Sura ya tano, Suratul Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametufunza ya kuwa anayeihuisha nafsi moja ana daraja ya aliyewahuisha watu wote. Na roho zinazopotea majini si chache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 walikufa maji duniani watu wapatao 300,000, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Katika mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha kinga ya kufa maji. Sisi tunaovuka baina ya Unguja na Pemba, baina ya Lamu na visiwa vyake, baina ya Mafia na mwambao, na ndugu zetu wanaovua katika maziwa ya bara, hatuhitaji siku moja tu ya kukumbushwa. Bahari iko mlangoni petu kila asubuhi.

Ndugu Waislamu, kwanza hatuna budi kuiondoa shubha moja ambayo huilegeza mikono ya watu. Yuko asemaye: Ajali haina kinga, aliyeandikiwa kufa maji atakufa maji, kamba iwepo isiwepo. Maneno haya yana sura ya imani, lakini ndani yake mna uvivu. Ni kweli kwamba ajali haina kinga. Lakini ni nani aliyeonyeshwa maandiko akajua ya kuwa ajali ya mtu yule ni leo? Huenda aliloandikiwa ni kuokolewa, na sababu ya kuokolewa kwake ni kamba iliyoko mkononi mwako. Ukiiacha ikalala chini, umeacha amri uliyopewa kwa ajili ya siri usiyoijua.

Hayo ndiyo aliyotufunza Sayyidna Umar bin Khattab (Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake). Alipokuwa njiani kwenda Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari ya tauni iliyozuka huko. Akaamua kurejea pamoja na watu wake. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu ya kuwa ndivyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Na Mtume wetu (S.A.W.), alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga akamtegemea Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Basi baharia wa Kiislamu hutegemea baada ya kuifunga kamba ya boya, hategemei badala ya kuifunga.

Tena tunajua kwa Hadithi iliyo sahihi ya kuwa Muislamu aliyekufa maji huhesabiwa katika mashahidi. Hiyo ni rehema kwa aliyefariki na ni faraja kwa waliofiwa. Lakini si hati ya msamaha kwa nahodha aliyekwenda bila ya boya, wala kwa mwenye chombo aliyejaza watu kupita kiasi, wala kwa abiria aliyeona mtu akianguka akanyamaza.

Ndugu wasikilizaji, sasa na tutazame jinsi wanazuoni wetu walivyoipa uzito kazi hii ya kuokoa. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 1262, ameeleza ya kuwa kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya kutekeleza sala. Sababu yake iko wazi: sala iliyochelewa hulipwa, lakini roho iliyotoka hairudi. Basi aliye katika sala juu ya chombo, akasikia ukelele wa mtu aliyeanguka, naye ana uwezo wa kusaidia, na aikate sala yake asimame akaokoe. Imamu huyo huyo amesema ya kuwa aliyefunga Ramadhani, akamwona mtu anazama na asiweze kumwokoa ila kwa kufungua, basi na afungue amwokoe, kisha ailipe siku ile.

Na liko jambo jingine ambalo watu huona haya kuliuliza. Mwanamke akianguka majini, je, mwanamume asiye maharimu wake amkamate? Amkamate, tena bila ya kusita, amshike mkono au kiuno au nguo, kwa namna yoyote itakayomtoa. Na mwanamke aliye karibu na mwanamume anayezama, naye ana kamba au kasia la kumnyooshea, asingoje kuitiwa wanaume. Hiyo ndiyo dharura ambayo sheria yetu imeiruhusu. Stara ya kweli hapo ni kumfunika shuka baada ya kumtoa, si kumwacha akafa kwa kuchelea kumgusa.

Juu ya hayo, mali haipimwi na mtu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho kimesomeshwa sana katika pwani yetu, ameeleza ya kuwa chombo kikikhofiwa kuzama yajuzu kutupa shehena, na huwa ni wajibu kuitupa ikitarajiwa ya kuwa waliomo wataokoka. Basi ikiwa shehena nzima hutupwa kwa ajili ya roho, itakuwaje nahodha aone uzito kulishusha tanga, au kupoteza saa mbili za upepo mzuri, kwa ajili ya mtu mmoja aliyebaki nyuma? Magunia ya karafuu hununuliwa mengine. Mtoto wa mtu hanunuliwi.

Wazee wa bahari waliyajua haya. Katika kitabu cha Kiarabu cha Maajabu ya India, kilichokusanywa na Buzurg bin Shahriyar katika karne ya 10, mna kisa cha nahodha mashuhuri aitwaye Abhara. Mabaharia wa jahazi iliyokuwa ikienda China waliona kitu cheusi juu ya maji, wakateremsha mashua kwenda kutazama, wakamkuta Abhara peke yake katika kijimashua, hana ila kiriba cha maji. Walipotaka kumpandisha alikataa mpaka wamkabidhi uongozi wa chombo. Wakakubali. Akaamrisha vitu vizito vitupwe baharini, na mlingoti ukatwe, kwa kuwa alijua tufani inakuja. Ikaja kweli, nao wakasalimika. Ndugu Waislamu, watu wale walisimama kwa ajili ya kitu cheusi kilichokuwa mbali, wala hawakujua ni nini. Lau wangalipita, wangalimpita mtu aliyekuwa sababu ya kuokoka kwao.

Sasa tuje katika amali yenyewe, kwani nia njema bila ya maarifa haimtoi mtu majini.

Jahazi iliyopata upepo ikaenda maili 6 za bahari kwa saa, hupita kama mita 3 kila sekunde. Katika muda wa mtu kusoma Suratul Fatiha kwa utulivu, imekwisha mwacha aliyeanguka kiasi cha mita mia moja. Na ikitimia dakika moja, ni mita 185. Kichwa cha mtu katika mawimbi ni kama nazi inayoelea: wimbi moja hukionyesha, na la pili hukificha. Kwa hivyo adui wa kwanza wa mtu huyu ni kupotea machoni, kabla ya uchovu na kabla ya papa.

Basi aliyeona mtu akianguka, awe nahodha au mtoto wa skuli, na apige ukelele mara moja: Mtu majini! Asione haya, asitafute kwanza ruhusa ya mkubwa, asiseme labda wengine wameona. Na arejee ukelele mpaka aliyeshika usukani aitikie.

Pamoja na ukelele, kitupwe kila kinachoelea kilicho karibu: boya, dumu tupu lililofungwa kifuniko, ubao, kasia, hata godoro. Vitupwe haraka, na vitupwe vingi. Kimoja huenda akakipata akakikumbatia. Na vyote pamoja ni alama juu ya maji zinazoonyesha mahali alipoangukia.

Kisha mtu mmoja ateuliwe, mwenye macho mazuri, asimame mahali pa juu palipo salama, anyooshe mkono kumwelekea aliyeanguka, na asiuteremshe. Huyo hana kazi nyingine. Asivute kamba, asitafute taa, asigeuke kumjibu mtu. Chombo kikizunguka, mkono wake uzunguke pamoja nacho, ukimwonyesha nahodha njia ya kurejea. Kazi hii yaonekana nyepesi, lakini wanaofundisha uokozi wa baharini huihesabu katika kazi kubwa, kwani jicho likihama kwa muda mfupi tu, bahari yote hufanana.

Nahodha naye na akisimamishe chombo upesi. Chombo kiwezacho kuelekeza omo kwenye upepo kifanye hivyo mara moja, maana tanga likikosa upepo mwendo hufa. Jahazi zetu za tanga la pembe tatu na foromali ndefu ni nzito kugeuza. Basi kamba ya demani ilegezwe ili tanga litapike upepo, tanga lishushwe, na kazi iliyobaki ifanywe kwa makasia, au kwa mashine, au kwa mashua ndogo inayovutwa nyuma. Chombo kimkaribie taratibu sana, omo ikiwa upande utokako upepo, mpaka kisimame ubavuni pake. Na ikiwa kina mashine, rafadha izimwe kabla ya kumfikia, kwani si haba waliookoka na maji wakaumizwa na chuma.

Hapo jamaa na rafiki hutaka kujitosa. Wazuieni. Anayezama humkamata yeyote amfikiaye, akampanda, wakaenda chini wote wawili. Kwanza mnyoosheeni kasia; lisipofika, mtupieni kamba yenye kitanzi kinachopita chini ya makwapa; ikishindikana, mwendeeni kwa mashua. Na ikiwa hapana budi mtu aingie majini, basi awe muogeleaji hodari, afungwe kamba kiunoni, na achukue kitu kinachoelea cha kuweka baina yake na yule.

Methali yetu yasema mfa maji haachi kutapatapa. Ndugu wasikilizaji, tahadharini na methali hii. Waokozi waliochunguza wametujulisha ya kuwa aghalabu anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Pumzi yake yote imeshughulika kutafuta hewa. Kinywa chake hutoka na kuingia majini. Mikono yake huyakandamiza maji kwa pande zote mbili. Na katika muda mfupi, pengine usiofika dakika moja, huzama kimya kimya. Basi ukimya usikuhadaeni, wala kwa mtu mzima, wala kwa mtoto anayecheza ufukweni.

Akifika ubavuni mwa chombo, msidhani kazi imekwisha. Mtu aliyerowa ni mzito, naye hana nguvu za kujisaidia. Kamba iteremshwe yenye vitanzi vya kutilia miguu. Na akiwa hawezi, chukueni tanga dogo au wavu, upande mmoja ufungwe katika ubavu wa chombo, upande wa pili upite chini yake majini, kisha uvutwe juu, naye abingirishwe ndani kama mzigo katika mkeka. Namna hii ina faida ya pili: humtoa hali amelala. Kwani aliyekaa majini muda mrefu, akavutwa wima ghafula, huenda damu ikashuka miguuni akazimia, na wengine hufa mikononi mwa waokozi wao.

Akitoka hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo ili maji yatoke. Hayo humpotezea muda na huenda yakamtapisha akapaliwa. Laza chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 kinywani. Asipopata uhai, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha pumzi 2, tena 30, tena 2, wala usikate tamaa mpaka apumue au wafike wataalamu. Akipumua, mlaze ubavu na mfunike. Na hata akisema amepona, apelekwe hospitali, kwani maji yaliyoingia mapafuni huenda yakamdhuru baada ya saa kadhaa.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika hotuba ya kwanza tumeeleza yafanywayo mtu anapoanguka. Lakini hakuna hata moja katika hayo linaloweza kufunzwa katika dakika ile yenyewe. Mwenye kuokoka huokolewa bandarini, kabla nanga haijang'olewa: na yule aliyelifunga boya mahali linapofikiwa na mkono, na yule nahodha aliyewakusanya watu wake akawagawia kazi, wewe utatupa, wewe utaonyesha, wewe utashusha tanga. Haya yote hayachukui robo saa. Kuyapuuza huenda kukagharimu umri mzima wa mtu.

Bahari haimtambui hodari. Katika usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1998, Éric Tabarly, baharia mkubwa wa Ufaransa aliyeshinda mara mbili mashindano ya kuivuka Atlantiki peke yake, mwaka 1964 na mwaka 1976, alipigwa na boriti ya tanga akatupwa baharini karibu na mwambao wa Wales. Hakuwa amejifunga kamba wala hakuvaa jaketi la kuokolea. Wenzake walimtafuta katika giza wasimpate. Maiti yake ilipatikana na wavuvi wiki kadhaa baadaye. Lakini tazameni na upande wa pili. Mwaka 2014, katika bahari ya Pasifiki yenye baridi kali, baharia mmoja wa mashindano ya kuizunguka dunia alianguka katikati ya tufani. Alikuwa amevaa nguo za kinga, tena amechukua chombo kidogo cha kutoa ishara ya mahali alipo. Wenzake walirejea, wakatafuta zaidi ya saa moja na nusu, wakampata hai. Ustadi wa Tabarly ulikuwa mkubwa zaidi. Kilichotofautiana ni maandalizi, na majaaliwa ya Mwenyezi Mungu juu ya yote.

Kwa hivyo tunakuusieni mambo haya. Usiku asitoke mtu kwenda tezini kwa haja bila ya kumwamsha mwenzake, wala asisimame ukingoni bila ya kushika kitu. Heshima ya mtu haipungui kwa kusema: Ndugu yangu, nitazame. Jaketi la kuokolea livaliwe juu ya kanzu na juu ya buibui, lifungwe, lisikaliwe kama mto. Watoto wakae katikati ya chombo, na wahesabiwe. Nahodha ajue idadi ya aliowapakia, na awahesabu tena safarini na wakati wa kushuka, ili asije akafika bandarini ndipo ajue kuwa ameacha mtu. Akianguka mtu usiku, taa imulikwe, saa iandikwe, na mahali palipo chombo pahifadhiwe katika simu au katika chombo cha kuonyesha njia. Na mwenye redio ya VHF aite katika chaneli 16, ambayo ni ya mwito wa hatari kwa mabaharia wa dunia nzima.

Na wewe uliyeanguka, usiifukuze jahazi kwa kuogelea. Hutaifikia, na nguvu zako zitakwisha. Vua viatu vizito, lala chali, jaza kifua hewa, mtaje Mola wako kwa pumzi za taratibu. Ukiona kinachoelea kishike, ukae karibu na mahali ulipoangukia, na chombo kikirejea inua mkono mmoja tu. Nanyi mnaotafuta, msikate tamaa upesi. Maji ya pwani yetu ni ya vuguvugu, joto lake aghalabu ni baina ya digrii 25 na 30, na mtu aliyeshika kitu aweza kuishi humo saa nyingi. Ilipozama meli ya Spice Islander baina ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mamia ya watu waliangamia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini mamia wengine waliokolewa, na miongoni mwao walikuwapo walioshikilia magodoro mpaka kukapambazuka na vyombo vikawafikia. Usiku mzima walikuwa hai, wakingoja wenye kuwatafuta.

Enyi wazazi, wafunzeni watoto kuogelea, wa kiume na wa kike. Tunasikitika tunapoona mtoto aliyezaliwa hatua mia kutoka ufukweni, akakua, akaolewa, akasafiri, na asijue hata kulala juu ya maji. Wapo wanaosema ya kuwa kuogelea hakuwiani na stara ya msichana. Huko Nungwi, katika kisiwa cha Unguja, wasichana wamefunzwa kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi yanayowafunika mwili mzima, wakafunzwa na wanawake wenzao. Basi ule udhuru umeondoka. Nanyi walimu wa madrasa na wa skuli, mkiwa mmewafunza vijana sharti za sala ya msafiri, wafunzeni pia sharti za chombo chake.

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, baadhi yao juu na baadhi yao chini. Wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, huangamia wote. Wakizuiwa, huokoka wote. Katika mfano huo mna funzo kwa kila abiria. Usiseme chombo si changu. Ukiona hakuna maboya, uliza. Ukiona watu wamezidi, kataa kupanda, na mzuie jamaa yako. Ukiona nahodha anataka kuendelea na safari hali mtu amebaki nyuma, simama wewe na walio pamoja nawe mpaka ageuze. Sheria za bahari za mataifa nazo, ukiwamo mkataba wa mwaka 1974 wa usalama wa maisha baharini, na ule wa mwaka 1982 wa sheria ya bahari, zimemlazimisha nahodha kumsaidia aliye hatarini baharini, awe ni nani. Yale ambayo mataifa yameafikiana kwa saini, sisi tumeyapokea kwa dini.

Tena hukumu yake ni fardhi kifaya. Akisimama mmoja akaitimiza, imewatoka wengine. Na wakiiacha wote, wote wana dhambi. Ni wajibu juu ya kila chombo kuwa na mwenye kujua, na juu ya kila mtaa wa pwani kuwa na vijana waliofunzwa. Na pale anapokuwa hakuna mwingine awezaye ila wewe, faradhi yote imekuangukia wewe peke yako.

Basi leo, mkitoka msikitini, mwenye chombo na aende akatazame: Boya liko wapi? Kamba yake ina urefu gani, na je, imeoza? Ni nani atakayeonyesha, na ni nani atakayetupa? Na asiye na chombo awaulize watoto wake kama wanajua la kufanya wakimwona mwenzao majini. Maswali haya ni mepesi leo. Siku ya tukio hayatakuwa na wakati wa kujibiwa.

Ewe Mola wetu, wewe ndiwe uliyemwokoa Nabii Nuhu na waliokuwa pamoja naye, na ndiwe uliyemsikia Nabii Yunus alipotupwa baharini akakuita katika kiza. Wahifadhi wasafiri wetu wa bara na wa bahari. Wahifadhi wavuvi wetu wanaotoka alfajiri wakiwatafutia watoto wao riziki. Warehemu waliokufa maji, uwakubali katika mashahidi, na uwape subira waliowangoja ufukweni wasirudi. Tupe macho yasiyomwacha aliyeanguka, na mikono isiyochoka kumvuta. Tusamehe sisi, na wazazi wetu, na walimu wetu, na Waislamu wote, waume kwa wake, walio hai na waliotangulia.

Amin, ewe Mola wa viumbe vyote. Simameni kwa Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.